Kupendezesha Motokari ya Zamani: Ni Kutengeneza ao Kuficha?



Vijana wengi wa makanisa yetu wanapenda motokari ya mbio, ile ya milango miwili, iko chini-chini, na mlio wake ni mkali. Mpya yake jamaa nyingi haziwezi kuinunua. Lakini ya okazioni inapatikana. Imetumika Japani miaka mingi, ikapakiwa melini mpaka Dar es Salaam, ikakatiza Zambia, ikaingia kwetu kwa Kasumbalesa, volani ikiwa upande wa kuume. Toyota Celica, kwa mfano, iliacha kutengenezwa mwaka 2006. Basi ile unayoiona leo barabarani iko mzee. Inje inang'aa, lakini fungua mlango: volani imechubuka, kiti cha shofere kimepasuka, na vifungo vya mbele vinanata kidoleni kama gundi.

Kijana mwenye mikono mizuri anaweza kupata mkate wake hapo. Ni kazi ya heshima. Lakini inaweza kugeuka kuwa uongo, tena inaweza kuua mtu. Tuiangalie vizuri.

Kwa nini ndani inaharibika?

Jua ndilo adui wa kwanza. Linapita katika vioo, linakausha ngozi na plastiki mpaka zinapasuka. Adui wa pili ni mkono wa mtu: jasho na mafuta ya ngozi yetu vinakula volani pole pole.

Na ile plastiki inayonata? Watengenezaji wengi waliipaka rangi laini ya namna ya poliuretani, ili mkono usikie raha. Joto na unyevu vinavunja rangi ile kwa miaka, nayo inageuka kuwa kama asali. Usifikiri ni ugonjwa wa motokari za bei ndogo. Ferrari 360 Modena, iliyoanza kutengenezwa Italia mwaka 1999, inajulikana sana kwa vifungo vyake vinavyonata. Tajiri na maskini, wote wananata vidole!

Kazi yenyewe

Kosa kubwa la wafundi wengi ni kupaka rangi mpya juu ya uchafu. Kwa juma moja inapendeza, kisha inabanduka kama ngozi ya nyoka. Rangi ni kazi ya mwisho. Kazi kubwa ni kusafisha.

Kwa plastiki inayonata, tumia alkoli ya izopropili na kitambaa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Sugua bila haraka mpaka ile rangi laini itoke yote, kisha osha na maji ya sabuni, acha ikauke. Mara nyingi utakuta chini yake plastiki nyeusi iliyo nzima, haihitaji rangi hata kidogo. Mwenye motokari amepunguziwa gharama.

Kama inahitaji rangi, ikwaruze kidogo na karatasi ya msasa laini, ya namba 400 ao 600. Pangusa vumbi lote. Paka kwanza dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, kisha rangi nyembamba mara tatu ao ine, ukiacha ikauke kila mara. Rangi nzito ya mara moja inachuruzika. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, kwa hiyo mwagia maji chini mbele ya kuanza.

Kwa ngozi, toa mafuta na jasho kwanza, kisha tumia rangi ya ngozi yenyewe, inayokunjika. Rangi ya nyumba itapasuka. Dawa ya viatu itabakia kwenye shati nyeupe ya mwenye motokari, siku ya yenga akienda kanisani!

Fungua milango yote. Usisafishe na esansi hata siku moja, wala usiweke mbabula karibu: mvuke wake unashika moto. Na zile rangi za kuchanganya mbili, nyingi zina dawa inayoharibu mapafu. Kitambaa puani hakiizuii.

Mahali pa hatari

Tafuta maandishi SRS ao AIRBAG kwenye volani na ubao wa mbele. Chini yake kuna mfuko wa hewa. Motokari ikigonga, mfuko ule unajaa mbele ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ukipasua kifuniko kwenye mstari wake. Fundi akijaza mstari ule na gundi, ao akigandamiza ngozi juu yake, mfuko hautafunguka inavyotakiwa. Vivyo hivyo na viti vyenye mfuko pembeni: usivivalishe nguo inayoziba. Na kama hukujifunza kazi ya mifuko ile, usifungue volani. Sema tu, "Hapa siguse." Fundi anayejua mpaka wake ni fundi wa kweli.

Mizani ya haki

Sisi watu wa machimbo tunajua maana ya mizani. Mchimbaji anatoka shimoni na mfuko wake, mwenye kununua anapima, na mizani ikiwa ya uongo, jasho la siku nzima linapotea. Tunalia, na ni haki kulia. Mezali 11:1 inatuonyesha kwamba Mungu anachukia mizani ya namna hiyo.

Basi, volani iliyochubuka nayo ni mizani. Inamwambia mnunuzi kwamba motokari imetembea sana. Kuna wanaorudisha nyuma konteri ya kilometre, halafu wanamwita fundi apendezeshe volani na pedali, ili visipingane na konteri. Wengine wanaficha motokari iliyozama majini: zulia jipya juu, kutu chini ya viti. Fundi anayekubali, akijua, ameshika mizani ya uongo pamoja nao.

Kupendezesha si zambi. Hata nyumba tunaipaka chokaa. Lakini nabii Ezekieli, katika sura ya 13, alikemea wale waliopaka chokaa ukuta zaifu ili watu wauamini. Ukuta ukianguka, chokaa haimsaidii mtu.

Kijana, ukimaliza kazi, mwambie mwenye motokari: hapa nimetengeneza, hapa nimepaka tu, hapa sikugusa. Akiuza, naye amwambie mnunuzi vilevile. Pengine utakosa mteja mmoja leo. Lakini jina lako litatembea mpaka Likasi na Kolwezi, na watu watakuletea motokari zao bila kukuuliza mara mbili.

Maswali kwa kundi la vijana

1. Rafiki anakuomba upendezeshe volani ili afiche kilometre. Utamjibu namna gani?
2. Soma Matayo 23:25-28. Katika maisha yetu, ni wapi tunapaka rangi juu ya uchafu?