Sanduku la Koko: Sadaka ya Kutunza Kumbukumbu

Mpendwa mama, mgonjwa anapofika hospitalini hatukimbilii kumpa dawa. Kwanza tunamwuliza: Umeanza kuumwa lini? Umewahi kulazwa? Nyumbani kwenu yupo mwenye ugonjwa wa sukari? Sisi wauguzi tunaiita historia ya mgonjwa. Akija asiyeweza kujieleza, tena bila ndugu wa kumsemea, kazi yetu huwa ngumu hata kama kabati limejaa dawa.

Familia na kijiji navyo vina historia yao. Siku watoto wetu watakapouliza wametoka wapi, ni nani atakayewasemea?

Moto tuliouwasha wenyewe

Hapa Kisongo bibi tunamwita koko. Alipofariki koko mmoja wa jirani, sisi akina mama wa kanisa tulikwenda kusaidia kama ilivyo desturi. Tulichota maji, tukapika, tukawapokea wageni. Baada ya msiba tukasafisha chumba chake. Chini ya kitanda tulikuta sanduku la bati, na ndani yake picha zilizofifia, stakabadhi za zamani, na daftari lililoanza kuliwa na mchwa. Hatukumwuliza mtu. Tulivitoa uani pamoja na matambara, tukavitia kiberiti.

Miezi michache baadaye alifika mwalimu mmoja mstaafu. Yeye na wazee wenzake walikuwa wameanzisha kikundi kidogo cha kukusanya historia ya Kisongo: habari za koo, za mnada wa ng'ombe, za shule na za kanisa. Alikuwa amesikia kwamba koko yule aliandika katika daftari majina ya akina mama wa kwanza waliofundishwa kusoma hapa kwetu.

Tulitazamana. Binti wa marehemu ndiye aliyejibu, kwa upole: "Tulilichoma, Mwalimu."

Alisema "tulilichoma", ingawa mikono iliyowasha kiberiti ilikuwa yetu. Mwalimu hakutulaumu. Aliaga akaenda zake, nasi tukabaki na aibu yetu.

Je, hii nayo ni sadaka?

Siku nyingine Mwalimu alirudi na ombi. Kikundi chao kilihitaji kabati la chuma la kuhifadhia karatasi, madaftari, na nauli ya kuwafikia wazee wa mbali. Sisi tulikuwa na fedha kidogo katika mfuko wetu, tulizokuwa tukidunduliza ili tununue masufuria makubwa ya shughuli.

Mabishano yalikuwa makali. Mwenzetu mmoja alisema, "Kuna watoto yatima wasio na madaftari ya shule, nasi tunanunua kabati la makaratasi?" Swali lake lilikuwa la haki, wala hatukulipuuza. Tulikubaliana kwamba fungu la yatima na la wagonjwa lisiguswe hata senti. Kabati lingetoka katika fedha za masufuria, nasi tungeendelea kuazima masufuria kwa majirani mwaka mmoja zaidi. Aliyeuliza swali lile ndiye tuliyemchagua kupeleka fedha na kudai stakabadhi.

Kwa nini tuliona inafaa? Tulikumbuka jambo lililotokea upande wa pili wa Mlima Meru.

Wameru na mchango wao

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha zao, watu wa kawaida wenye kahawa na mifugo, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York. Mwaka 1952, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyowapata watu wake.

Ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini dunia ilisikia, na Watanganyika wengi waliamka. Kisha mwaka 1967 Kirilo Japhet na Seaton walichapisha kitabu kuhusu kesi hiyo, kiitwacho The Meru Land Case. Akina mama waliolala nje na watoto wao usiku ule wengi wamekwisha kufariki. Habari zao hazikuzikwa pamoja nao, kwa sababu kuna waliochanga ili zisemwe, na kuna waliokaa chini wakaziandika.

Mwaka huohuo wa 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Jengo lililohusika na Azimio hilo limekuwa makumbusho tangu 1977. Boma la Wajerumani mjini Arusha nalo ni makumbusho. Tuwapeleke watoto huko. Kiingilio tunacholipa ni msaada pia. Lakini makumbusho ya taifa hutunza mambo ya taifa. Jina la mama wa kwanza kusoma Kisongo hatutalikuta pale. Hilo ni letu kulitunza, au kulichoma.

Namna ya kutoa kwa busara

Mama, huenda kwenu pia kuna kikundi cha namna hii, au parokia na usharika wenu unaandaa historia yake. Kabla hujatoa, fikiria haya:

1. Uliza maswali. Kikundi kina katiba? Kimesajiliwa? Fedha zinatunzwa na nani, na hutolewa kwa sahihi za watu wangapi? Mtu mwaminifu hachukii kuulizwa. Dai stakabadhi, hata kwa shilingi elfu moja.

2. Shauriana na mumeo. Fedha ya nyumbani isitoke kwa siri, hata kwa kazi njema. Labda naye ana picha za marehemu baba yake ambazo hajawahi kukuonyesha.

3. Toa kilichopo. Si lazima iwe fedha. Binti anayejua kuandika vizuri anaweza kunakili maneno ya wazee. Kijana mwenye simu anaweza kurekodi sauti. Wewe unaweza kupika chai ya wazee siku wanapokutana.

4. Hati za shamba zibaki nyumbani. Kikundi kipewe nakala tu. Kadhalika picha: kama moyo unasita kuitoa, irudufiwe, nawe ubaki na yako. Yule Mwalimu alipopokea picha kutoka kwa mwenzetu mmoja, aliandika siku hiyohiyo ni ya nani na itarudishwa lini.

5. Linda siri za watu. Sisi wauguzi tunalijua hili vema. Si kila kilicho sandukuni ni cha kusomwa na wote. Mambo ya ugonjwa, ya uzazi na ya ugomvi wa ndoa yasitolewe bila idhini ya wenyewe.

Utunzaji wa nyumbani

Hata pasipo kikundi, anza kwako. Weka picha na vyeti vya ubatizo na vya ndoa mahali pakavu, juu ya sakafu, mbali na moshi wa jikoni na jua la dirishani. Kagua mara kwa mara kama kuna mchwa au mende. Nyuma ya picha andika majina, mahali na mwaka kwa penseli laini, bila kukandamiza, maana wino hupenya na kuharibu. Usigandishe karatasi iliyochanika kwa selotepu. Baada ya miaka huacha doa la manjano. Unapoongea na koko au babu, andika tarehe na jina la aliyesema. Mwulize kidogo, msikilize sana, na akichoka mwache apumzike.

Mawe kumi na mawili

Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliwaagiza watu kumi na wawili wachukue kila mmoja jiwe mtoni, alibebe begani. Mawe yale yaliwekwa ili watoto wa baadaye waulize maana yake, na wazazi wapate kuwasimulia matendo ya Mungu. Hebu tufikiri: mawe hayakufika Gilgali yenyewe. Kuna waliotoa mabega yao.

Kabati la chuma sasa lipo, limesimama nyumbani kwa Mwalimu. Rafu mbili bado tupu. Daftari la koko halimo, wala halitakuwamo kamwe. Lakini binti yake alikaa na Mwalimu mchana mzima, akajaribu kukumbuka majina aliyowahi kumsikia mama yake akiyataja. Yalipatikana saba. Tulipoyasoma kwa sauti katika kikao chetu, mwenzetu mmoja alianza kulia. La tano lilikuwa la nyanya yake, na hakuwahi kujua kwamba alijua kusoma.

Mama mpendwa, leo jioni tazama chini ya kitanda. Kama kuna sanduku, usishike kiberiti kabla hujauliza.