KIFUA KINAPOPANDA TENA: DAWA IMALIZWE, KAZI ILINDWE



Mwenzetu mmoja wa Kudhaa, aliyeacha uvuvi akaja kupakua mizigo Kismayo, aliugua TB, akatibiwa, akapona. Lakini kila ikifika kusi kifua humrudia: makohozi mengi ya kijani, homa, na kutweta. Hununua vidonge vya siku tatu dukani, akipata nafuu hurudi kazini. Haupiti mwezi, yuko kitandani tena. Jirani wanasema amerogwa. Msimamizi anasema ni mvivu. Wote wamekosea.

TB hata ikipona huweza kuacha makovu kifuani. Njia za hewa hutanuka na kulegea, na makohozi hutuama humo kama maji yaliyoachwa ngamani. Vijidudu huzaliana ndani yake. Mtu akishikwa na mafua, au akivuta moshi na vumbi kazini, vijidudu huzidi na ugonjwa hupanda.

Ulaya wako watu wengi wenye maradhi ya sistiki faibrosisi, ambayo mtoto huyarithi kwa baba na mama. Makamasi ya mapafu yao huwa mazito mno. Chanzo chao si chetu, lakini vifua vyao hupanda vivyo hivyo. Waganga wao hushika mambo mawili: makohozi yatolewe kila siku, na ugonjwa ukipanda dawa ya kuua vijidudu itumike muda wa kutosha, kwa kawaida kama wiki mbili. Ukiwa mkali, dawa hupigwa kwa sindano ya mshipani. Kwa mapafu yenye makovu pia, siku 14 ndio muda wa kawaida.

Kwa nini siku tatu hazitoshi? Dawa hupenya kwa shida katika makohozi mazito. Siku za mwanzo hufa vijidudu dhaifu, na mgonjwa hujiona mzima. Vile vigumu hubaki, huzaliana, na safari ijayo dawa ile ile huenda isivifanye kitu.

Basi tufanye hivi:

1. Makohozi yapimwe hospitali, na TB itafutwe kwanza, kwa sababu yaweza kurudi. Ziko dawa za dukani zinazoituliza TB kwa muda na kuificha.

2. Dawa imezwe kwa siku zote alizoandika mganga. Usimgawie mwenzio, wala usiweke akiba. Mafua matupu hayahitaji dawa hizi.

3. Asubuhi na jioni vuta pumzi ndefu, izuie kidogo, kisha itoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi. Rudia mpaka makohozi yapande. Tema katika kopo lenye kifuniko.

4. Acha sigara. Ukitema damu, au ukitweta hali umekaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuseme lililo zito. Mganga anaweza kuandika siku 14, lakini kibarua asiyekwenda kazini halipwi, na watoto wanataka kula. Ndiyo maana mwenzetu huacha dawa siku ya tatu. Si ujinga, ni njaa.

Tunao mfano wa karibu. Huko Wajir, Kenya, kuanzia mwaka 1976, Mtaliana Annalena Tonelli aliwatibu TB wafugaji wa Kisomali kwa dawa za miezi 6. Watu walidhani mfugaji anayehamahama hawezi kumaliza dawa. Wagonjwa wakajenga vibanda vyao karibu na kituo, wakakaa humo na kumeza dawa mbele ya wahudumu mpaka mwisho. Walipopata mahali pa kukaa, walimaliza.

Nasi tudai hivyo hivyo, bandarini, viwandani na katika mashamba ya Juba: mgonjwa mwenye cheti cha mganga alipwe siku zake za dawa, asifukuzwe, na akirudi asiwekwe penye vumbi na moshi. Mahali ambapo mwajiri bado anakataa, tuchangishane wenyewe tumlishe mwenzetu siku hizo 14. Fedha hizo ni kidogo kuliko sanda.

Umoja ni nguvu.