Sombe kwa mgeni wa jioni

Ukimwalika mtu unayempenda aje kula kwako kwa mara ya kwanza, mawazo hukimbilia kuku na chipsi. Mimi nasema pika sombe, obundu na samaki aina ya ngege, kama wanavyokula Nyakiyumbu na Bwera, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Mlo huo una hadithi ya kutosha saa nzima, na jioni ya namna hiyo maneno ndiyo huwa haba.

Anza na muhogo. Haukuota huko kwenye milima ya Rwenzori tangu zamani. Wareno waliutoa Brazili wakaufikisha pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukaingia bara polepole. Leo Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni upande wa Kongo, watu wanaosikilizana lugha ila Waingereza na Wabelgiji waliwachorea mpaka mwaka 1910, wanaula kama mali ya babu zao. Mizizi inakaushwa na kusagwa, unga wake unasongwa obundu. Majani yanatwangwa, ndiyo sombe. Mawese yanavuka mpakani Mpondwe kutoka Kongo, ngege wanavuliwa Ziwa Edward ambalo Uganda na Kongo zinagawana, na chumvi inatoka Ziwa Katwe, ambako wachimbaji bado wanaingia ziwani kwa miguu yao. Sahani moja, na karibu kila kilichomo kinaujua mpaka huo.

Sasa lisilo la mzaha: majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi. Kuyatwanga kunaifungua, kuyachemsha kunaifukuza. Huku ughaibuni utayakuta kwenye friji za maduka ya Waafrika, pakiti imeandikwa pondu au saka-saka. Yametwangwa, lakini usidhani yameiva. Yachemshe bila kifuniko, kwa muda mrefu, mpaka harufu ya ubichi iishe kabisa. Hapo ndipo utie vitunguu, mawese na karanga za kusaga. Fanya kazi hiyo siku moja kabla. Sombe iliyolala ni tamu zaidi, na wewe hutafungua mlango ukinuka jiko.

Ngege mpike kwa nyanya, chumvi kidogo, basi. Obundu songa mgeni akishaketi, maana ukipoa unakakamaa.

Muulize mapema kama anakula samaki na karanga. Weka maji ya kunawa, weka na kijiko, achague mwenyewe. Na tafadhali, usimtengee ukisema “ni chakula cha kijijini tu” kana kwamba unaomba radhi.