Kwa nini indiketa hukimbia ukiweka taa za LED

Ukitoa balbu za kawaida kwenye indiketa na kuweka za LED, kuna uwezekano mkubwa kwamba siku hiyohiyo taa zitaanza kukimbia, karibu mara mbili ya mwendo wake wa kawaida. Wengi huambiwa flasha, yaani kifaa kinachopepesa taa, imekufa, wakanunua nyingine ya aina ileile, na tatizo likabaki palepale. Flasha ni nzima. Inamjulisha dereva kwamba kuna balbu imeungua. Taa yenyewe haiioni. Inachopima ni umeme unaopita kwenda kwenye taa, basi.

Tuchukue gari la volti 12 lenye balbu ya wati 21 mbele, nyingine kama hiyo nyuma, na ndogo ya wati 5 ubavuni. Upande mmoja unakula wati 47, yaani ampea 3.9 hivi. Balbu kubwa moja ikiungua, zinabaki ampea 2.2. Ndani ya flasha ya kielektroniki kuna rezista yenye upinzani mdogo sana, na umeme wote wa indiketa hupitia hapo. Ukifungua kifuniko utaiona imelehemiwa kwenye bodi: bapa, nyeusi, pengine imeandikwa R020. Herufi R imekaa mahali pa nukta ya desimali, kwa hiyo hiyo ni omu 0.020. Flasha nyingine zina kipande cha waya mnene badala yake, kazi ikiwa ni ileile.

Ampea 3.9 zikipita kwenye omu 0.020, kati ya ncha zake utapima milivolti 78. Balbu moja ikiungua zinashuka hadi 44. Chipu iliyo jirani imepangiwa kizingiti, tuseme milivolti 60: zikizidi hapo, taa zinapepesa taratibu, zikipungua, zinakimbia. Sasa taa za LED za upande mzima zikila ampea 0.6, chipu inaona milivolti 12 tu. Kwa hesabu yake, balbu zimekufa.

Dawa inayouzwa sana madukani ni ile rezista kubwa ya rangi ya dhahabu, omu 6, wati 50, inayoungwa sambamba na kila taa kubwa. Taa zitatulia, ndiyo. Lakini kila indiketa inapowaka rezista hiyo inavuta ampea 2 na kuzigeuza joto la wati 24. Injini ikinguruma na volti zikapanda hadi 14, joto linafika wati 32 na zaidi. Mtu akiifunga kwenye plastiki ya bampa, halafu gari likaharibika njiani na hazadi zikawaka kwa muda mrefu, plastiki inayeyuka. Kibaya zaidi ni hiki: LED ikifa, rezista inaendelea kuvuta umeme kama kawaida, na dereva haambiwi chochote. Anakata kona taa ya nyuma ikiwa gizani, na bodaboda aliye nyuma yake hana habari. Hii ndiyo sababu siipendi dawa hiyo hata kidogo.

Njia ya heshima ni kubadilisha rezista ile ya ndani. LED zetu zinavuta ampea 0.6 zikiwa nzima, na 0.3 taa kubwa moja ikifa. Tunataka kizingiti kiangukie katikati, kwenye ampea 0.45. Gawanya milivolti 60 kwa 0.45 na unapata kama omu 0.13. Weka rezista ya R130, na chipu itaona milivolti 78 mambo yakiwa sawa na 39 taa moja ikifa. Onyo linabaki hai.

Kazi ya mkono ndipo penye mtihani. Rezista hizi hukaa juu ya shaba pana inayonyonya joto, kwa hiyo chuma dhaifu cha kulehemu hakitayeyusha risasi vizuri. Kiungo kibovu kikiongeza omu 0.05 tu, kizingiti kinahama kwa zaidi ya robo. Usitegemee mita ya kawaida kupima omu hizo, kwani waya zake zenyewe zina upinzani unaoweza kuzidi unachopima. Pitisha ampea 1 inayojulikana kwenye rezista, kisha pima volti kwenye ncha zake. Zikitoka milivolti 130, umepata.

Flasha iliyobadilishwa hivi isirudishiwe balbu za zamani. Ampea 3.9 zikipita kwenye omu 0.13 zinazalisha joto la wati 2. Mtu akiwasha hazadi, umeme wa pande zote mbili ukipita kwenye rezista hiyohiyo, joto linakuwa mara nne. Rezista ndogo ya bodi haihimili. Andika kwenye kifuniko kwa wino usiofutika: LED TU. Fundi waya atakayekuja baadaye atakushukuru.

Magari mengi mapya hayana flasha ya peke yake. Kompyuta ya bodi ndiyo inayopepesa taa na kupima umeme wake. Huko usichokonoe rezista. Mengine hurekebishwa kwa mashine ya kusoma kompyuta, na yale yasiyokubali ni bora yabaki na balbu zake.

Ukimaliza, washa indiketa na uhesabu kwa dakika nzima. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya taa za magari inataka mipepeso kati ya 60 na 120. Kisha chomoa LED moja ya nyuma na uwashe tena. Taa zikianza kukimbia, rudisha kifuniko. Zikiendelea taratibu kana kwamba hakuna kilichotoka, fungua bodi upya.