Pensheni Jamii na wanawake wa mwani

Mama yangu alianza kulima mwani Paje zao hili lilipokuwa linaingia pwani ya mashariki ya Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi hiyo hufuata bamvua. Maji yakitoka, wanawake hushuka na kamba zao, huchomeka vijiti mchangani, huinama kufunga mwani kishada kwa kishada, na hupanda maji yakianza kujaa. Baada ya wiki sita hivi huvuna, wakabeba mizigo inayochuruzika maji ya chumvi, wakaanika na kuuza kwa kilo. Katika mazao ambayo Zanzibar huuza nje, mwani unafuata karafuu, na wanaoulima wengi wao ni wanawake.

Mkulima wa mwani hana mwajiri wa kumchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF. Ndiyo maana kinamama wengi wa rika la mama yangu wamezeeka bila kiinua mgongo, ingawa nchi imekula jasho lao miaka yote hiyo.

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii. Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70 analipwa kila mwezi, haulizwi aliajiriwa wapi wala ana watoto wangapi. Ilianza kwa shilingi 20,000, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 50,000. Fedha hizo zinatoka katika bajeti ya serikali yenyewe, hazitoki kwa mfadhili.

Mama akishapokea, hufunga noti kwenye pindo la kanga na kituo chake cha kwanza ni dukani, kulipa deni la mchele na sukari. Kisha hununua dawa za presha, na hakosi daftari la mjukuu. Kwa hiyo fedha zile hazitoki kijijini: zinamfikia muuza duka, muuza samaki, mwenye bodaboda. Kabla ya hapo mama alikuwa akisubiri mpaka kaka yangu apate kitu mjini. Sasa anapanga mwenyewe, na nyumbani neno lake lina uzito zaidi. Wanaoiita sadaka wanakosea. Ni malipo ya kazi ambayo hakuna aliyeiwekea akiba.

Kinachoniuma ni miaka kumi ya katikati. Kwa sheria zetu mtu ni mzee akifika miaka 60, ila pensheni inamngoja hadi 70. Mama yangu mdogo yumo humo. Bado anashuka pwani, na magoti yanamsumbua. “Sheha kaniambia nisubiri,” aliniambia. “Nisubiri nikila nini, mwanangu?”

Na bahari yenyewe imebadilika. Maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto, na kotonii, mwani wenye bei nzuri, unakufa humo. Unahitaji maji ya kina, na wanawake wengi wa umri wa mama yangu mdogo hawajui kuogelea. Wanabaki na spinosamu, mwani ambao bei yake ni ndogo.

Najua hoja ya bajeti, kwamba kushusha umri wa pensheni kutagharimu. Kenya nayo, kwa mpango wake wa Inua Jamii, hulipa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kuanzia miaka 70. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, lakini pensheni kama yetu haijawa nayo. Tumetangulia, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini Wazanzibari wengi bado ni vijana. Kushusha umri leo ni nafuu kuliko itakavyokuwa vijana hawa watakapozeeka.

Wawakilishi wetu waanze na miaka 65. Na wewe unayelima mwani ukiwa na nguvu zako, nenda ZSSF ukaulize mpango wa hiari kwa waliojiajiri, uanze kuchangia hata kidogo. Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyetimiza 70 na hajaandikishwa, mchukue na kitambulisho chake mwende kwa sheha wiki hii.