DIZELI YA MBEGU ZA PAMBA

Tulipokuwa Kasese, kwenye ushirika wa wakulima wa pamba wa Nyakatonzi, mwenzetu mmoja mchambuaji pamba alituonyesha lundo la mbegu akauliza: "Hizi nazo zaweza kuendesha lori?"

Zikikamuliwa mafuta, zaweza. Wala si jambo jipya. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, alipewa hati ya kugeuza mafuta ya mimea yafae injini. Mwaka 1938 basi la abiria likaenda Brussels hadi Louvain kwa mawese yaliyogeuzwa hivyo. Wabelgiji walipata mawese kwa wingi Kongo, koloni lao, ng'ambo ya mpaka ukitoka Bwera. Majina ya waliokata mikungu ya michikichi hatujayaona popote.

Siku hizi wanafunzi wa uinjinia wa kemikali hufundishwa kazi hii kwa mikono yao. Lita moja ya mafuta safi hupashwa moto, digrii 55 hivi. Kando, gramu 3.5 za soda kostiki huyeyushwa katika mililita 200 za methanoli. Vyote huchanganywa, hukorogwa kama saa moja, huachwa usiku kucha. Asubuhi gliserini nzito imetuama chini, na dizeli iko juu, rangi ya chai ya rangi. Maji yakiingia, au soda ikizidi, mwanafunzi hupata sabuni. Mwalimu mzuri hamkemei, humwuliza kwa nini.

Lakini kwanza huvaa miwani, glovu na aproni, na madirisha hufunguliwa. Soda kostiki hula ngozi na macho. Methanoli hushika moto upesi, na sumu yake hupofusha.

Sisi ujanani tulibeba soda hiyohiyo kwa ndoo katika kiwanda kimoja cha sabuni. Nyapara alisema tu, "Msiguse." Mwenzetu alipomwagikiwa tukampaka mafuta, kumbe dawa ya kwanza ilikuwa maji mengi, dakika nyingi, bila kungoja. Vidole vile havikunyooka tena.

Basi katika mkutano wetu wa Bwera tulikubaliana hivi: tajiri yeyote atakayeleta mtambo wa dizeli ya mbegu, vibarua wakae darasani pamoja na mainjinia tangu lita ya kwanza, waelezwe kwa lugha wanayoisikia, wapewe glovu zao. Na bomba la maji liwe karibu kabla pipa la soda halijafunguliwa.