Pikipiki Kuukuu Isiyo na Kadi

Mkaazi wa Liuli, katika wilaya ya Nyasa, anunuapo pikipiki kuukuu kwa bei ya chee bila ya kukabidhiwa kadi, hununua chuma na magurudumu, wala si milki. Kwa maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu chombo kisichosajiliwa kutembezwa barabarani, na kadi itolewayo na Mamlaka ya Mapato Tanzania ndiyo hati imtajayo mwenye chombo.

Basi, kabla ya kuhesabu fedha, na afute matope na grisi shingoni mwa fremu, chini ya usukani, ilipogongwa namba ya chasisi, kisha asome ile ya injini, na zote mbili zilinganishwe na kumbukumbu za Mamlaka. Ikiwa kadi imepotea, yule ambaye chombo kimeandikishwa kwa jina lake ndiye awajibikaye kuripoti polisi, kula kiapo mbele ya wakili au hakimu, na kuomba nakala. Ndipo waandikiane mkataba wa mauzo na kuhamisha umiliki.

Muuzaji akikataa kufuatana nawe katika hayo, ndugu msomaji, zuia fedha yako: huenda chombo hicho ni cha wizi.